Mzio Usioonekana kwenye Skrini: Nafasi za Majina katika Nyaraka za XML na Usalama wa Mgonjwa

Utangulizi

Taarifa za mgonjwa anayepewa rufaa huweza kusafiri kati ya vituo kama waraka wa kielektroniki ulioandikwa kwa XML. Kiwango cha CDA cha shirika la HL7, ambacho toleo lake la pili ni la mwaka 2005, hutumia muundo huo. Ili daktari ausome, maktaba ya programu huugeuza waraka kuwa ukurasa wenye vichwa na majedwali. Ugeuzaji ukiwa na hitilafu, mzio uliorekodiwa kwa usahihi unaweza usionekane kabisa.

Nafasi ya majina ni nini?

Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na jina moja. Namba ya jalada ndiyo inayowatofautisha. Lebo za XML nazo huweza kushiriki jina huku zikiwa na maana tofauti. Kwa sababu hiyo, mwaka 1999 shirika la W3C lilipitisha utaratibu wa kuifunga kila lebo na anwani tambulishi. Anwani ya CDA ni urn:hl7-org:v3. Mwandishi wa waraka anaweza kuiwakilisha kwa kiambishi kifupi mbele ya jina la lebo, au kuitangaza kuwa anwani ya msingi na kuacha kiambishi. Kiambishi ni lakabu tu. Utambulisho wenyewe ni anwani.

Hitilafu zinazojitokeza

Ya kwanza ni maktaba kulinganisha viambishi badala ya anwani. Kituo kimoja kikiandika lebo bila kiambishi na kingine kikaweka kiambishi, nyaraka hizo zina maana ileile, lakini maktaba hiyo husoma mmoja na kuuruka mwingine.

Ya pili hutoka kwa mwandishi wa maelekezo ya ugeuzaji. Katika XPath 1.0, jina lisilo na kiambishi humaanisha lebo isiyo na nafasi ya majina. Anayetafuta lebo za CDA kwa namna hiyo hapati kitu, hata kama waraka wenyewe hauna viambishi.

Ya tatu ni maktaba kufuta tangazo la kiambishi kwa kudhani halitumiki. Katika CDA, aina ya kipimo hutajwa kwa xsi:type. Tangazo la xsi likifutwa, mfumo unaopokea huukataa waraka.

Hitilafu ya tatu hupiga kelele. Mbili za kwanza ni za hatari zaidi kwa kuwa kukosa lebo si kosa kwa kompyuta: jedwali hutoka tupu, bila onyo lolote.

Marekebisho

Maktaba ilinganishe anwani pamoja na jina la lebo, na ihifadhi matangazo yote yanayohitajika. Maelekezo nayo yatangaze kiambishi cha CDA na kukitumia. Kisha waraka mmoja uandikwe kwa namna tatu: bila kiambishi, kwa kiambishi kimoja, na kwa kingine. Kurasa zote tatu zifanane, na idadi ya mizio ilingane na ya waraka wa asili.

Hitimisho

Mhudumu wa afya asichukulie nafasi tupu kuwa ni sawa na "hana mzio". Amuulize mgonjwa kabla ya kuandika dawa, afungue waraka wa asili, na atoe taarifa kwa kitengo cha TEHAMA. Mgonjwa naye ataje mzio wake katika kila hudhurio, hata akiwa na hakika kwamba umekwisha kuandikwa.