SOMO: Barabara ni moja, sisi ni wengi



Mara nyingi tunapokutana tunazungumza juu ya mashamba, maji na kuni, kwa sababu huko ndiko magombano mengi yanaanzia kati ya waliohama na wenyeji. Leo tunapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho wote tunakitumia kila siku: barabara.

Tuchukue mji wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikashuka mpaka katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, ikakata barabara ya Goma–Rutshuru upande wa kaskazini. Watu walirudi wakajenga na kupita juu ya mawe hayo. Katika mitaa mingi njia ni nyembamba na kandokando kuna mawe makali. Humo humo wanapita lori, teksi, motari, mwenye kinga, msukuma chukudu, mama mwenye mzigo na mtoto anayekwenda masomoni.

Mfano wa kufikiria pamoja

Kijana aliyekimbia vita kijijini kwake anasukuma chukudu yenye magunia ya makala. Chukudu si yake, ameikodi. Motari anatoka nyuma, anapiga honi. Kijana hana mahali pa kujiondoa. Motari anajaribu kupita hivyo hivyo, anagusa gunia, na wote wawili wanaanguka. Mguu wa motari umevunjika, makala yamemwagika.

Kwa muda mfupi wamotari wengine wamefika, na wasukuma chukudu nao wamefika. Mmoja anasema: «Huyu kijana haangalii.» Mwingine anasema: «Hawa watu wa kambi wametujazia barabara.» Neno la kwanza linahusu ajali. Neno la pili ndilo la hatari, kwa maana ugomvi wa watu wawili umeanza kuwa ugomvi wa jamii mbili.

Tunajifunza nini?

1. Tujue mwenzetu anavyosimama. Chukudu ni ya mbao, haina moteri, na inaweza kubeba mamia ya kilo. Ikiteremka kutoka Kibumba na mzigo, haiwezi kusimama ghafula. Gari nalo lina shida yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki inakuwa kama mara nne. Kwa hiyo mwenye kinga asikate njia mbele ya lori akidhani litasimama. Dereva naye asidhani kwamba chukudu itampisha mara moja. Honi haiongezi upana wa barabara.

2. Mwenye nguvu nyingi abebe jukumu kubwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 wanakufa kwa ajali za barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Gari likigongana na kinga, tunajua nani ataumia. Basi mwenye gari amwangalie motari, motari amwangalie mwenye kinga, na wote wamwangalie mtoto na mzee.

3. Mgeni afundishwe, asitukanwe. Katika Congo, Rwanda na Burundi vyombo vinapita upande wa kuume. Katika Uganda na Tanzania vinapita upande wa kushoto. Familia iliyorudi kutoka kambi za huko imezoea kutazama kuume kwanza kabla ya kuvuka. Hapa kwetu gari la karibu linatoka kushoto. Wazazi, wafundisheni watoto: tazama kushoto, tazama kuume, tazama tena kushoto, ndipo uvuke. Aliyetoka kijiji kisicho na magari naye anahitaji mtu wa kumwonyesha.

4. Ajali ibaki ajali. Kwanza aliyeumia apelekwe kwa matibabu. Halafu waulizwe walioona kwa macho, si waliofika baadaye. Viongozi wa pande zote waitwe, na polisi wa barabara wajulishwe. Hakuna ruhusa ya kupiga mtu wala kuchoma chombo chake. Anayeogopa kundi la watu aende moja kwa moja kwa polisi, asikimbie na kujificha. Hasara ndogo zinaweza kuzungumzwa mbele ya wazee. Lakini mtu akiumia sana au akifa, jambo hilo ni la sheria, wazee wasilimalize peke yao.

Turudi kwa kijana wetu. Kama mzee mmoja angesema, «Tumpeleke huyu hospitali, na wewe kijana kaa hapa karibu yangu,» jambo lingebaki kati ya watu wawili, na wangeweza kusikilizwa wote.

Kazi ya viongozi

Msingoje damu. Iteni mapema wamotari, wasukuma chukudu, wenye magari, akina mama wa soko na kamati ya waliohama. Kubalianeni mambo machache:
- mahali pa kupakia na kushusha mizigo nje ya njia;
- mahali penye nafasi ambapo mwenye mzigo atawapisha wengine, nao wamngoje mpaka afike hapo;
- taa, au kitambaa cheupe, kwa anayesafiri usiku;
- watu wawili kila upande watakaoitwa ajali ikitokea.

Someni makubaliano hayo mbele ya watu wote, katika lugha wanayoisikia, maana wengi hawawezi kuyasoma wenyewe.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika mtaa wenu, ni mahali gani watu wanagombania njia? Kwa nini ni hapo?
2. Ajali ya mwisho mliyoiona, ni neno gani lililowasha moto? Ni nani angeweza kulizima?
3. Katika mfano wetu, kijana alikuwa na kosa gani? Motari alikuwa na kosa gani?
4. Wiki hii, kila mmoja atabadilisha jambo gani moja anapopita barabarani?

Tafadhali msijibu haraka. Mpeni nafasi ya kwanza aendaye kwa miguu.