Mbuzi, Digidigi na Punda: Lugha na Maadili ya Kuchagua Nyama katika Mazingira ya Makwasinyi, Kasigau

Ikisiri
Makala hii inachunguza misingi ambayo kwayo jamii huamua mnyama yupi aliwe na yupi asiliwe. Mfano unaotumiwa ni wa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta. Inadaiwa kwamba maneno manne ya Kiswahili, yaani mwiko, haramu, kosa na uovu, hutaja makatazo ya aina nne, na kwamba kuyachanganya huzaa hukumu zisizo za haki.

1.0 Utangulizi
Vijiji vya Kasigau viko katika ukanda ulio baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, eneo lililotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Katika ukanda huu mbuzi na digidigi hula majani ya vichaka vya aina moja. Mkazi akimchinjia mgeni mbuzi, husifiwa kwa ukarimu. Akimnasa digidigi, huitwa jangili na kupelekwa mahakamani. Hata hivyo, wanyama hawa wote wawili huhisi maumivu, hunyonyesha watoto wao na huhangaika wakishikwa. Je, tofauti yao imo katika mnyama mwenyewe, katika mlaji, au katika mamlaka inayotoa ruhusa?

2.0 Nyama na mnyama
Lugha nyingi za Kibantu hutumia neno moja kwa kiumbe na kwa chakula kinachotokana naye. Kiswahili sanifu kimetenganisha dhana hizi kwa kiambishi: mnyama yuko katika ngeli ya A-WA, nyama iko katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo kiumbe anapotoka malishoni hadi chunguni, hubadilika kisarufi pia. Tunasema “mbuzi amelia”, lakini “nyama imeiva”.

Vitenzi navyo vina hukumu ndani yake. Mbuzi huchinjwa, paa huwindwa, mbwa huuawa. Aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na mwili uliotupwa ni mzoga. Nchini Tanzania nyama ya nguruwe imepewa jina la kitimoto, na jina hilo humwezesha mtu kuagiza chakula bila kumtaja mnyama ambaye jirani yake hamtaki mezani. Mwanafunzi wa lugha azingatie kwamba kabla hatujatoa hoja yoyote ya kimaadili, msamiati tunaoutumia huwa umekwisha kuegemea upande mmoja.

3.0 Makatazo manne
Mwiko hutokana na desturi, na mara nyingi hutenga watu kama unavyotenga wanyama. Waata, ambao huitwa pia Waliangulu, walikuwa wawindaji mashuhuri wa tembo katika nyika ya Tsavo. Majirani wao wafugaji wa jamii ya Waoromo waliwaona kuwa duni, sababu mojawapo ikiwa ni kula kwao nyama za mwituni. Hapa mwiko wa chakula uligeuka kuwa daraja la utu.

Haramu hutokana na dini, na uzito wake ni kwa waumini. Kosa hutokana na sheria ya nchi. Makatazo haya mawili yanaweza hata kupingana. Wengi wa wanavyuoni wa Kisunni huharamisha punda wa kufugwa na kuruhusu punda-mwitu. Sheria ya Kenya ilielekea upande mwingine: mwaka 1999 punda wa kufugwa aliingizwa katika orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa kwa chakula, ilhali kuwinda wanyamapori, punda milia akiwemo, kulikuwa kumepigwa marufuku tangu mwaka 1977.

Uovu ni neno la nne. Hili hudai sababu inayoweza kukubaliwa hata na asiyeshiriki desturi, dini au uraia wetu. Mwingereza Jeremy Bentham, mwishoni mwa karne ya 18, alishikilia kwamba jambo la msingi ni uwezo wa mnyama wa kuteseka. Peter Singer aliiendeleza hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975, Animal Liberation. Kwa kipimo hiki, mbuzi na digidigi hawatofautiani.

4.0 Hoja za kumtenga digidigi
Hoja ya kwanza ni uchache. Hoja hii ina nguvu kwa faru na tembo, lakini kwa digidigi ni dhaifu, kwani spishi yake haimo miongoni mwa zile zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka. Isitoshe, utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba idadi ya wanyamapori katika maeneo ya malisho nchini Kenya ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 kuanzia 1977 hadi 2016. Katika kipindi hicho kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76 hivi. Mbuzi aliyeruhusiwa anachangia kumwondoa paa aliyekatazwa kwa kushindania naye malisho. Mla mbuzi basi asijidhanie kuwa hana deni lolote kwa wanyama wa mwituni.

Hoja ya pili ni umiliki. Mbuzi ana mwenyewe aliyemlisha na kumkinga na fisi. Mnyamapori ni amana ya taifa. Hoja hii ni ya haki endapo taifa nalo litabeba wajibu wa mwenye mali. Mla mbuzi hulipa ng’ombe, wahenga walisema. Je, tembo wa taifa anapokula mahindi ya mkulima wa Kasigau, hulipwa nini? Sheria ya mwaka 2013 ya uhifadhi wa wanyamapori imeweka fidia kwa vifo, majeraha na uharibifu wa mazao. Iwapo fidia itachelewa, mkulima atakuwa amezuiwa kula mnyamapori huku mnyamapori akila shamba lake. Tena, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya ranchi ziliruhusiwa kuvuna wanyamapori, na nyama hiyo iliandaliwa katika mikahawa ya Nairobi iliyopendwa na watalii. Nyama iliyokuwa burudani kwa mgeni ilikuwa kosa kwa mwenyeji.

Hoja ya tatu ni njia inayotumiwa, na kwa maoni ya makala hii ndiyo yenye uzito zaidi. Kisu cha mchinjaji humfikia mnyama mmoja aliyechaguliwa. Mtego wa waya hauchagui: humnasa digidigi, twiga, simba au mtoto wa tembo, na aliyenaswa huweza kuteseka kwa siku kadhaa. Sheria ya 2013 yenyewe hutofautisha anayewinda kwa kujikimu na anayewinda kwa biashara. Wote wana hatia, ila adhabu ya mfanyabiashara ni kali zaidi. Utengano huu unaonyesha kwamba hata mtunga sheria alitambua kuwa njaa na faida si kitu kimoja. Hata hivyo, maumivu ya waya hayapungui kwa sababu mwenye mtego ana njaa.

5.0 Punda na hoja ya utumishi
Wengi hawamli punda kwa kuwa ni mtumishi: hubeba maji, kuni na mazao. Methali husema shukrani ya punda ni mateke, lakini shukrani ya binadamu kwa punda haikuwa bora. Kati ya 2016 na 2018 zaidi ya punda 300,000 walichinjwa katika machinjio ya Kenya, hasa kwa ajili ya soko la ngozi nchini China. Wizi wa punda ulienea. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaliondoa katazo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kukomesha biashara ya ngozi za punda.

Lililoleta kilio halikuwa kinyaa cha nyama. Mama aliyeibiwa punda alirudi kubeba mtungi kichwani. Hivyo uovu ulikuwa katika kuvunja maisha ya wanaomtegemea mnyama, na katika mateso ya mnyama mwenyewe. Kinyaa peke yake kisingetosha kuwa hoja.

6.0 Hitimisho
Hakuna mpaka mmoja wa nyama unaojitetea wenyewe. Mwiko unastahili heshima, mradi usitumiwe kudharau utu wa anayekula tofauti. Haramu imfunge anayeiamini. Kosa liheshimiwe, na serikali nayo iheshimu wajibu unaoambatana nalo. Ama uovu, huo tuupime kwa mateso ya mnyama na kwa hasara ya watu na viumbe wengine. Kwa kipimo hicho, mtego wa waya ni uovu Makwasinyi na kwingineko. Na mbuzi aliyefungwa miguu na kurundikwa juu ya gari kuelekea sokoni naye anatudai jibu, ijapokuwa nyama yake ni halali, si mwiko, na haina kosa.

Maswali ya mjadala
1. Linganisha maana za mwindaji na jangili. Ni nani anayeamua neno lipi litumike?
2. Taja majina ya kuficha nyama katika lugha yako ya kwanza na ueleze kinachofichwa.
3. Je, fidia isiyolipwa inapunguza uzito wa katazo la kuwinda? Jadili.