Dondoo muhimu: Meza ya mbao ya matofali ya kuchezea

Mbao: Mkaratusi, mti ulioenea Rwanda, ni mgumu lakini hujikunja na kupasuka usipokauka vizuri. Kwa Mbugangari, karibu na Ziwa Kivu, ambako mvua huwa nyingi Machi hadi Mei, mbao iliyokauka kabisa ndiyo ya kuchagua. Msonobari ni mwepisi na hupigika randa kwa urahisi.

Kimo: Sentimita 45 hadi 50 humfaa mtoto wa miaka 3 hadi 6 anayecheza amesimama.

Uso: Sahani ya LEGO yenye vinundu 32 kila upande hufikia takriban sentimita 25.5. Sahani nne huhitaji uso wa plaiwudi wa sentimita 52 kwa 52. Kabla ya kuzigandisha, sahani huunganishwa kwa matofali ili nafasi kati ya vinundu isipotee.

Ukingo: Ubao unaozidi uso kwa sentimita 3 huzuia vipande visidondoke.

Umaliziaji: Pembe hufanywa mviringo kwa msasa, vichwa vya skrubu huzamishwa, kisha mbao hupakwa vanishi isiyo na sumu.

Usalama: Vipande vidogo huweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka 3; yeye humfaa matofali makubwa ya DUPLO.