Mashine Inayopisha Watu

Wenzangu wengi wameniuliza kama ni kweli kwamba katika maghala ya Ulaya na Marekani mizigo huchukuliwa na roboti, nazo hupita katikati ya watu pasipo kuwagonga. Ni kweli, nami nataka kueleza jinsi jambo hili linavyowezekana.

Kwetu Biryogo mchukuzi wa mizigo huitwa karani, ingawa hashiki kalamu. Baba yangu mdogo ni karani. Akiwa na gunia la mchele kichwani hawezi kugeuza shingo, basi hupaza sauti, "Simile! Simile!" nasi hupisha. Kazi ya kutazama ni yetu sisi tusiobeba kitu.

Roboti za kwanza za Kiva, kampuni iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2012, zilikuwa vivyo hivyo. Zilifuata alama zilizobandikwa sakafuni, na watu walitengwa nazo kwa uzio. Zilizokuja baadaye hutazama zenyewe. Nyingi zina chombo kiitwacho laida, ambacho hutupa miali ya nuru na kupima muda inaochukua kurudi. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Basi ukisimama meta 3 mbele ya roboti, mwali hukufikia na kurudi kwa sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000,000,000. (Fanyeni hesabu wenyewe; mimi nilikosea mara mbili.) Kwa vipimo hivyo roboti huchora ramani ya ghala. Ikiona kitu kisichokuwamo katika ramani, hupunguza mwendo, husimama, au huzunguka. Mwaka 2022 Amazon walionyesha Proteus, roboti yao ya kwanza ya kutembea kati ya wafanyakazi bila uzio.

Hata Kigali roboti si ngeni. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa Korona, roboti 5 kutoka Ubelgiji zilianza kazi, nyingine katika kituo cha Kanyinya, za kupima joto la watu na kupeleka chakula na dawa, ili waganga wasikaribie wagonjwa mara kwa mara. Moja iliitwa Urumuri, yaani nuru.

Jioni moja nilimsimulia baba mdogo habari hizi, naye akijinyosha mgongo mkekani. Akauliza, "Hupanda ngazi?" Nikamjibu kwamba hizi za magurudumu hazipandi, zataka sakafu iliyo sawa. Akacheka sana, maana ghala la tajiri wake lina ngazi mlangoni. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na tajiri akizivunja ngazi?"