GHALA LILILO CHINI YA ARDHI

Hapa kwetu Segese kiangazi ni kirefu. Toka Mei hadi Oktoba majani hukauka na ardhi huwa ngumu. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, huko porini tunaona ua jekundu, la mviringo kama mpira. Mara nyingi halina jani hata moja. Je, limepata wapi chakula?

Chini ya ua hilo kuna kitunguu. Siyo kile cha mboga, ila kimefanana nacho. Hicho kitunguu ndicho ghala lake.

Ghala linajazwaje?

Wakati wa masika majani mabichi hufanya kazi. Hutumia mwanga wa jua, hewa na maji kutengeneza sukari. Sukari nyingine mmea huitumia hapo hapo. Inayobaki huteremka kwenye kitunguu, ikawekwa kama wanga. Ni wanga kama ule wa muhogo.

Ghala linatumikaje?

Kiangazi majani hufa. Kitunguu chenyewe hakifi, kimelala tu. Kinakula akiba yake kidogo kidogo. Mvua ikifika, wanga hugeuka tena sukari. Sukari hiyo hulilisha ua mpaka linachomoza. Sasa ghala limepungua, na majani mapya yatalijaza tena. Majani hayo yakikatwa mapema, mwaka unaofuata ua linaweza lisitoke.

Sisi tunajifunza nini?

Viazi na mihogo ni maghala pia. Jani ndilo mkulima. Tukichuma matembele au kisamvu kupita kiasi, viazi na mihogo vitakuwa vidogo, na michembe ya kutuvusha kiangazi itakuwa haba. Basi tuchume kidogo kidogo, tukihama shina hadi shina. Vitunguu vya bustani navyo tusiving'oe mapema. Tungoje majani yake yalale chini na kuanza kukauka.

Onyo

Kitunguu cha ua hili jekundu kina sumu. Wanga umo, lakini siyo chakula cha watu wala cha mifugo. Hata mwaka wa njaa tusikichimbe kukipika. Tuwaonyeshe watoto wetu ua hilo, walijue.

Maswali

1. Ni nani anayejaza ghala la mmea?
2. Kwa nini tusimalize matembele yote ya shina moja?