Kabati Kuukuu si Kuni: Somo la Kufufua Mbao za Jikoni

Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba wa vikundi vya Maua, Kangeta, Laare, Mutuati na kwingineko, leo tunaingia jikoni. Somo letu ni kabati la vyombo: lile la mbao nzito lililochakaa, lenye masizi na mlango unaolia, ambalo watu wa nyumbani wameanza kulionea haya.

Lengo la somo: mwishoni kila mwanakikundi aweze kulipima kabati lake, kuamua kama linafaa kutengenezwa, na kulipaka upya bila kujidhuru wala kuwadhuru watoto.

1. KWA NINI TUNASEMA JAMBO HILI

Katika kutembelea nyumba tumeona mambo yakienda hivi mara nyingi. Zamu ya merigoraundi inamfikia mama, anapata pesa zake zote pamoja. Badala ya karo au mbuzi, anaona kwanza aibu ya jikoni. Kabati la zamani linauzwa kwa bei ya kuni, au linapasuliwa lichome chapati. La kuletwa dukani linakuja liking'aa, nusu limelipwa, nusu ni deni. Mvua za Oktoba zinafika, ukungu wa Nyambene unaingia mpaka ndani ya nyumba, na kabati jipya linaanza kuvimba miguuni kama mandazi. Skrubu za bawaba zinang'oka na mlango unaanguka. Kabati limekwisha, deni bado.

Sababu yake si laana. Makabati mengi ya bei nafuu ya siku hizi ni unga au vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, kisha juu yake kukabandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Maji yakipenya, unga ule unafura na haurudi tena. Skrubu ikilegea, hakuna nyuzi za mbao za kuishika. Mbao halisi nayo hunywa maji, lakini ikikauka hurudi, na inaweza kurandwa, kuzibwa na kupakwa tena na tena.

Watu wa Igembe tunajua pesa inavyoweza kukauka ghafla. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014. Somalia ikazuia ndege za miraa tangu Machi 2020 hadi Julai 2022. Nyumba zilizokuwa na madeni ya vitu vya fahari ziliumia zaidi wakati ule. Ndiyo maana tunasema: usiache mbachao kwa msala upitao.

2. MBAO HIYO IMETOKA WAPI

Makabati mengi ya wazee wetu yalitengenezwa kwa miti ya kwetu. Muuru, ambao maseremala wa mjini huuita Meru oki, ni mti wa asili wa pande hizi za Mlima Kenya. Hata jina lake la kitaalamu, Vitex keniensis, lina Kenya ndani yake. Mwingine ni muringa. Mwingine ni kamfa, ile mbao yenye harufu ukiipasua. Baadaye wengi wakatumia saipresi na grevilea tunayoiita mukima.

Miti ya asili ya namna hii haipatikani tena kirahisi. Ukaguzi wa kutoka angani uliofanywa na Shirika la Wanyamapori la Kenya mwaka 1999 katika misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare ulihesabu zaidi ya miti 6,700 ya kamfa iliyokatwa. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, na muda ukaongezwa tena na tena. Tangazo la kuondoa katazo hilo lilikuja Julai 2023. Kwa hiyo mtu anayepasua kabati la muuru anachoma mbao ambayo hata akiwa na pesa huenda asiipate kwa fundi yeyote mjini Maua.

Tena, kilichochakaa mara nyingi ni ngozi tu. Vanishi imekufa, lakini mwili wa mbao uko mzima.

3. PIMA KABLA HUJAAMUA

(a) Je, ni mbao halisi? Fungua mlango utazame ukingo wake. Kama mistari ya mbao inaendelea kutoka juu hadi ukingoni, ni mbao halisi. Kama juu kuna mistari mizuri na ukingoni kuna tabaka jembamba lililobanduka, hiyo ni plaiwudi au mbao iliyofunikwa. Usiisugue sana, utatoboa ngozi. Kama ndani ni kama uji wa unga uliokauka, usijisumbue kuifufua.

(b) Je, mwili ni mzima? Chukua msumari, uchome miguu na sehemu ya nyuma inayogusa ukuta. Msumari ukizama bila nguvu, hapo pameoza au pana mchwa. Mguu mmoja ukiwa mbovu hukatwa na kuungwa kipande kipya. Nguzo zote nne zikiwa mbovu, tumia milango na rafu zilizo nzima kutengenezea kabati dogo. Ukiona vitundu vidogo na unga mpya unadondoka, wadudu bado wamo. Toa kabati nje ya nyumba kabla hawajahamia kwenye paa, umwite fundi alitibu kwanza.

(c) Je, vanishi bado iko hai? Dondosha tone la maji juu ya mlango. Likikaa kama shanga, osha tu, paka mkono mmoja au miwili, kazi imekwisha. Likinywewa na mbao ikawa nyeusi, ngozi imekufa na lazima isuguliwe.

4. HATARI YA RANGI YA ZAMANI

Hapa tunaomba msomwe kwa sauti kikundini, kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Makabati mengi yalipakwa rangi ya mafuta, ya kijani, ya samawati au ya malai. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni za rangi, lakini kabati la babu halikusubiri kiwango hicho. Risasi ikiingia mwilini kwa vumbi au moshi hudhuru ubongo wa mtoto, na akili iliyopotea hivyo hairudi. Hudhuru pia mimba. Rangi huwezi kuijua kwa macho, kwa hiyo kila rangi ya zamani tuihesabu kuwa na sumu.

- Usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu. Ilowanishe, uikwangue polepole ikiwa mbichi.
- Fanya kazi nje. Tandika nailoni chini, mbali na kuku, mboga na tangi la maji.
- Mama mjamzito na watoto wadogo wasikaribie.
- Funga kitambaa puani na mdomoni, lakini ujue hakizuii vumbi laini lote. Kinga kubwa ni maji.
- Kusanya maganda yote, uyafunge kwenye nailoni, uyafukie mbali na kisima na shamba.
- Osha mikono na uso kabla ya kula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Mbao yenye rangi USIICHOME JIKONI. Huo moshi unaoivisha githeri ndio unaoingia kifuani mwa mtoto aliye mgongoni.

Kama rangi imeshika vizuri na haibanduki, si lazima kuiondoa. Ioshe, isugue kidogo kwa msasa wa maji, upake rangi mpya juu yake.

5. VIFAA

Sabuni ya kipande, ndoo mbili, matambara, bisibisi, kisu kisicho na makali cha kukwangulia, msasa namba 80, 120 na 240, gundi nyeupe ya mbao, vumbi la mbao, brashi ya inchi 2, tapentaini, na vanishi ya mafuta.

Fundi atawaambia vanishi ya thina inakauka haraka. Ni kweli, lakini hiyo inapendeza ikipulizwa kwa mashine, na hewa ikiwa na unyevu hugeuka nyeupe kama maziwa. Kwa brashi ya mkono na ukungu wa kwetu, ya mafuta ni rahisi zaidi.

Oili chafu ya gari tusiitumie jikoni hata kidogo. Inafaa pengine kwa nguzo ya boma, lakini kwenye kabati la chakula ni sumu na harufu.

6. HATUA ZA KAZI

Chagua miezi mikavu, Januari na Februari au Agosti na Septemba. Kazi ya vanishi katika mvua ni hasara.

Hatua ya 1: Toa vyombo, kisha ng'oa milango, droo na vishikio. Andika namba nyuma ya kila mlango kwa penseli, maana milango ya fundi wa mkono haifanani. Skrubu zitie kwenye kopo moja.

Hatua ya 2: Osha. Masizi na mafuta ya kupikia ndiyo adui mkubwa, maana vanishi haishiki juu ya mafuta. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usimwage maji juu ya mbao. Pale penye mafuta sugu futa kwa tapentaini, mbali na moto. Suuza kwa kitambaa safi, uache kabati kivulini siku mbili likauke. Jua kali hupasua mbao.

Hatua ya 3: Tengeneza. Maungio yaliyolegea yatie gundi, uyafunge kwa kamba ya mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka kesho yake. Tundu la skrubu lililopanuka lijaze kijiti cha mbao chenye gundi, likate sawa, halafu urudishe skrubu. Nyufa ndogo zizibe kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao ileile. Usiweke gundi nyingi, kwa sababu palipo na gundi vanishi haiingii na patabaki doa.

Hatua ya 4: Sugua kwa msasa, kwa mbao isiyo na rangi. Anza namba 80 pale palipo pabaya tu, kisha 120, mwisho 240. Fuata nyuzi za mbao siku zote. Ukisugua kukata nyuzi utaacha mikwaruzo ambayo vanishi itaionyesha badala ya kuificha. Hapa ndipo haraka huharibu kazi.

Hatua ya 5: Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, lisubiri likauke.

Hatua ya 6: Paka. Mkono wa kwanza uwe mwepesi: sehemu 1 ya tapentaini kwa sehemu 9 za vanishi, isipokuwa maandishi ya kopo yakisema vingine. Acha usiku kucha au zaidi. Sugua taratibu kwa namba 240, futa, paka mkono wa pili, na wa tatu vivyo hivyo. Mikono mitatu miembamba inashinda mmoja mnene. Usisahau juu na chini ya milango, maana maji huingilia huko.

Hatua ya 7: Rudisha milango. Acha kabati wazi mpaka harufu iishe kabisa, hata wiki mbili, ndipo urudishe unga na vyombo. Miguu iweke juu ya mawe bapa au vifuniko vya bati, isiguse sakafu ya udongo, na kabati liachane na ukuta kwa upana wa vidole viwili.

Onyo: matambara yenye vanishi au mafuta ya kupaka mbao yasirundikwe pembeni. Yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yaanike moja moja nje mpaka yakauke.

7. HESABU YA KIKUNDI

Tuchukue kabati la urefu wa futi 6, upana futi 4, kina futi 1 na nusu. Mbele ni futi 24 za mraba, pande mbili ni 18, juu ni 6, jumla 48. Kwa mikono mitatu ni 144. Lita 1 ya vanishi hufunika kiasi cha futi 100 za mraba kwa mkono mmoja. Basi kabati moja linataka karibu lita 1 na nusu. Kopo la lita 4 linatosha makabati mawili, na kiasi cha lita 1 kinabaki kwa meza na viti.

Mtu mmoja akinunua kopo, brashi na msasa peke yake, vingi vitakauka bure. Kikundi kikinunua pamoja, gharama inagawanyika. Andikeni ubaoni safu mbili: upande mmoja bei ya vifaa leo mjini Maua pamoja na siku za kazi, upande wa pili bei ya kabati jipya pamoja na riba ya deni. Wanakikundi waamue wenyewe wakiona hesabu.

Kama hamna mwenye ujuzi, nendeni chuo cha ufundi kilicho karibu. Makanisa yalianza kusukuma wazo la polytekniki za vijiji mwaka 1966 ili vijana wapate ujuzi wa kutumikia vijiji vyao. Kijana anayejifunza useremala atafurahi kuwaonyesha siku moja, nanyi mumpe chai na nauli yake. Pengine naye atapata hapo kazi ya kudumu.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nyumba ngapi katika kikundi chetu zina kabati, meza au kitanda cha mbao halisi kilichochakaa? Hesabuni.
2. Je, kuna aliyenunua kabati jipya kwa deni? Bila kumwaibisha, atueleze limedumu muda gani.
3. Ni nani kati yetu amewahi kupikia mbao zenye rangi? Tutafanya nini na mbao hizo kuanzia sasa?
4. Mwenye mamlaka ya kuuza vyombo vya nyumba ni nani? Mama aliulizwa?

KAZI YA MWEZI: Chagueni kabati moja tu, ikiwezekana la mjane au la mzee asiye na nguvu. Lipimeni pamoja, lifanyieni kazi pamoja, na muandike gharama zote kwenye daftari la kikundi. Kabati hilo ndilo litakuwa mwalimu wenu kwa yale yatakayofuata.