Dondoo muhimu: Kula Diamond Plaza, Parklands

Ukikanyaga tu sehemu ya vyakula ya Diamond Plaza, Nairobi, wahudumu watakuzingira, kila mmoja na menyu yake. Usibabaike. Keti kwanza, soma taratibu, uliza bei. Mnaweza kuagiza dosa kibanda hiki na chipsi masala kile, mkala meza moja, ila kila kibanda kitaleta bili yake. Kama huli nyama, taja pia kama unakula mayai na samaki. “Pilipili kidogo” ya mpishi huenda ikakutoa machozi, basi lasi, kinywaji cha mtindi, iwe mezani mapema. Bajia za viazi huliwa moto moto kwa chatini. Zikipoa, mimi sizigusi. Tambuu ni ya mwisho: omba tamu, isiyo na tumbaku.